Abu Ali Ibn Sina na Elimu ya Mishipa ya Fahamu

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiungo na kila pumzi. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mfululizo wetu wa maisha ya wakubwa wa umma huu, zamu hii tumemchagua mtu ambaye jina lake ni maarufu kwa kila Muislamu wa pwani, ingawa wajuao kazi yake ni wachache. Naye ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa. Hatukumchagua kwa ajili ya kujifakharisha na ya kale, maana fahari ya marehemu haimponyi mgonjwa. Tumemchagua kwa sababu ya jambo linaloonekana katika mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Mtu akiamka asubuhi na upande mmoja wa mwili wake umelala, au mtoto akikakamaa kwa homa na macho yakampanda juu, au kijana akaanguka na kutoka povu, neno la kwanza litokalo vinywani mwa wengi ni kuwa huyu ana pepo, au huyu amefanyiwa, au dege limempitia. Hufukizwa ubani, huitwa mganga, huulizwa pepo ataka nini, na saa hupita, na siku hupita. Basi twapenda ndugu zetu wajue kuwa mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita alikwisha tufundisha njia ya kuyatazama mambo haya.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 wa Hijra, sawa na mwaka 980 wa Miladi, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistani. Baba yake alikuwa mtumishi wa dola ya Wasamani, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya mazungumzo ya elimu. Alipotimia umri wa miaka kumi alikuwa amekwisha maliza Qur'ani na sehemu kubwa ya adabu ya Kiarabu. Fiqhi aliisoma kwa Ismail az-Zahid, na hesabu ya Kihindi alipelekwa kuisoma kwa muuza mboga aliyekuwa hodari wa hesabu. Hebu tulizingatie hili: baba mwenye cheo hakuona aibu kumpeleka mwanawe kwa mtu wa sokoni, maadamu mtu huyo alikuwa na elimu.

Kisha aliingia katika utabibu. Alipokuwa na miaka kumi na sita, matabibu watu wazima walikuja kusoma kwake, naye huku akiwatibu wagonjwa na kujifunza kwao yale yasiyopatikana vitabuni. Lilipomtatiza jambo katika masomo, aliuendea msikiti, akasali na kumwomba Mola wake amfungulie. Kitabu cha Aristotle katika elimu ya yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara arubaini asikifahamu, mpaka siku moja aliponunua sokoni kwa dirhamu tatu kitabu cha al-Farabi kilichomfumbulia makusudio yake. Na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kwa kushukuru.

Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua na matabibu wake wakashindwa, waliwashauri kumwita kijana huyu awasaidie. Ijara aliyoitaka Ibn Sina ni kuruhusiwa kuingia katika maktaba ya amiri, nayo ilikuwa na vyumba vyenye masanduku ya vitabu, kila chumba na fani yake. Lakini dola ile haikudumu. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili baba yake alifariki, na tangu hapo maisha yake yakawa ni safari: Gurganj, kisha Jurjan, kisha Rayy, kisha Hamadan. Hapo Hamadan alimtibu Amiri Shams ad-Dawla akamfanya waziri. Askari wakamwasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe, naye akajificha siku arubaini katika nyumba ya rafiki, mpaka amiri aliposhikwa tena na tumbo na kumrudisha kwa kumtaka radhi. Baada ya kufa amiri huyo alifungwa katika ngome ya Fardajan muda wa miezi minne, na humo kifungoni akaandika vitabu. Alipopata nafasi alitoroka kwenda Isfahan, yeye, ndugu yake, mwanafunzi wake al-Juzjani na watumwa wawili, wote wamevaa mavazi ya Masufi. Alifariki Hamadan mwezi wa Ramadhani mwaka 428, sawa na mwaka 1037, na kaburi lake liko huko mpaka leo.

Katika misukosuko hiyo ndipo kilipoandikwa kitabu chake kikubwa, al-Qanun fi at-Tibb, chenye vitabu vitano ndani yake. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitia katika Kilatini mjini Toledo. Mwaka 1593 kilipigwa chapa kwa Kiarabu mjini Rome. Na vyuo vya Ulaya viliendelea kukisomesha mpaka karne ya 17. Sisi hapa twataka kutazama mlango mmoja tu wa kitabu hicho, nao ni mlango wa hisi na mwendo.

Ibn Sina alifundisha, akiwafuata matabibu wa Kiyunani waliomtangulia na hasa Galen ambaye Waarabu walimwita Jalinus, kuwa ubongo ndio chemchemi ya hisi na mwendo wa mwili. Kutoka katika ubongo hutoka mishipa ya fahamu. Mingine hutoka moja kwa moja, naye akaihesabu kuwa jozi saba, na mingine hupitia katika uti wa mgongo na kutokea baina ya pingili. Alisema kuwa ndani ya mishipa hiyo hupita kitu chepesi kilichoitwa roho ya kinafsi, nayo si ile roho ambayo ujuzi wake uko kwa Mola, bali ni mvuke mwembamba unaochukua amri na habari. Msuli nao aliueleza kuwa umeungwa kwa nyama, mshipa wa fahamu na nyuzi za kano. Ukijikusanya huvuta kano, na kano huvuta mfupa, na hivyo kiungo hutikisika.

Faida kubwa ya maelezo hayo ni hii: mkono usioweza kuinuka huenda hauna dosari yoyote. Tupige mfano wa mji wetu. Aliyeko kisiwani akitaka kutuma kitu Changamwe hukipitisha Makupa. Akitaka kukituma Kisauni hukipitisha daraja la Nyali. Na akitaka kukituma Likoni hukifikisha ukingoni mwa maji kikangojea kivuko. Ikifungwa njia ya Makupa, Changamwe haina kosa, lakini haipati kitu. Ndivyo Ibn Sina alivyowafundisha matabibu kuwa aliyepooza mguu asitazamwe mguu peke yake, bali atazamwe pale mshipa wa mguu ulipotokea katika mgongo, au ubongo wenyewe. Tena alibainisha kuwa hisi yaweza kupotea na mwendo ukabaki, au mwendo ukapotea na hisi ikabaki, au vyote viwili vikapotea pamoja. Akaweka milango mbalimbali kwa ajili ya kupooza, kwenda upande kwa uso, mtetemeko, ganzi, mkazo wa misuli na kifafa.

Sasa natulifikie lile ambalo kwa ajili yake tumeandika. Katika kuzungumzia maradhi ya akili yanayoitwa malikhulia, Ibn Sina alitaja kuwa wako matabibu wasemao kuwa huenda yakatokana na majini. Hakuwacheka, wala hakuingia katika kukanusha kuwako majini, maana majini yametajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Alilolisema kwa maana yake ni kuwa sisi tunaosomesha utabibu halitushughulishi kama yanatokana na majini au hayatokani. Kwani hata kama yanatokana nao, hayampati mtu ila kwa kuugeuza mwili wake kwanza, na mgeuko huo ndio sababu ya karibu, na sababu ya karibu ndiyo kazi ya tabibu. Angalieni hekima ya neno hili. Halikumtoa mtu katika imani yake, wala halikumwacha mgonjwa bila ya dawa.

Na alitenda kama alivyosema. Katika mlango wa maradhi ya mapenzi alieleza kuwa mtu akidhoofika kwa kumpenda asiyemtaja, tabibu na amshike mshipa wa mkono huku majina yakitajwa moja baada ya moja, na mapigo yakibadilika mara kwa mara kwa jina moja, amekwisha mjua. Akasema kuwa yeye mwenyewe ameijaribu njia hiyo ikafaa. Nizami Aruzi, aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baada yake, alilivika jambo hili kisa kizuri cha kijana wa jamaa ya Mfalme Qabus wa Jurjan. Kisa hicho hakiwezi kuwa sahihi kama kilivyo, kwa kuwa Ibn Sina mwenyewe amesimulia kuwa kabla hajamfikia Qabus, mfalme huyo alishikwa na kufungwa na kufia humo. Lakini njia yenyewe imo katika Qanun. Ni vijana wangapi waliodhoofika kwa huzuni ambao kwetu wangelichezewa ngoma usiku kucha!

Baada ya karne nyingi Mwenyezi Mungu amewafungulia wanadamu zaidi. Luigi Galvani wa Bologna alitangaza mwaka 1791 kuwa mguu wa chura aliyekufa hujikunja ukiguswa na umeme. Na mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza walieleza kwa hesabu namna habari inavyopita katika mshipa, nao walijifunza kwa ngisi, jamaa ya huyu ngisi tumnunuaye kwa wavuvi, kwa kuwa ana uzi mmoja wa fahamu unaokaribia unene wa milimita moja. Ikabainika kuwa kipitacho si mvuke, bali ni umeme mdogo unaozaliwa kwa chumvichumvi: chembe za sodiamu huingia ndani ya uzi, kisha za potasiamu hutoka, na mwendo huo hurukia mbele pengine kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde moja.

Lakini umeme huo ukifika mwisho wa mshipa husimama, maana baina ya mshipa na msuli pana nafasi nyembamba mno. Hapa ndipo penye mfano wa Likoni: barabara imekwisha, na lazima kivuko kivushe. Kivuko hicho ni dawa ya mwili iitwayo asetilikolini, ambayo humwagika upande huu na kupokewa upande wa pili. Hapo msuli hufungua akiba yake ya kalisiamu, na nyuzi zake nembamba zikaingia baina ya nyuzi nene, kama vidole vya mikono miwili vinavyopenyezana. Na hivyo msuli hufupika bila ya uzi wowote kufupika. Jambo hili lilielezwa mwaka 1954. Na kuachiana kwa nyuzi hizo kwahitaji nguvu mpya kila mara. Kwa hiyo mwenye kuosha maiti ajua kuwa baada ya saa chache mwili hukakamaa: nguvu imekwisha, na nyuzi zimeshikana. Basi tazameni fiqhi yetu ya Kishafi inavyosunisha mara tu baada ya kufa mtu afumbwe macho, afungwe taya, na alainishwe viungo kwa upole. Hukumu imekuja kwa ajili ya heshima ya maiti, na elimu imekuja kutueleza kwa nini haifai kucheleweshwa.

Na milango mitano ya fahamu yapita njia hiyo hiyo. Ibn Sina alikataa kauli ya kuwa jicho hutoa mwali wa kwenda kukigusa kinachoonwa, na mwenziwe wa zama zile, Ibn al-Haytham wa Basra, akalipambanua jambo la kuona kwa majaribio katika kitabu chake cha al-Manazir. Leo yajulikana kuwa jicho hugeuza nuru, na sikio hugeuza mtikisiko wa hewa, na ngozi hugeuza mguso, vyote vikawa ni umeme wa namna moja. Na tofauti ya kuona na kusikia ni mahali habari inapofikia katika ubongo. Subhana Llah!

Huenda msomaji akauliza: je, si Ibn Sina alikosea? Ndiyo, alikosea mengi. Jozi alizozihesabu saba leo zahesabiwa kumi na mbili. Mvuke wake haupo. Na sababu aliyoitaja ya malikhulia, yaani nyongo nyeusi, imekwisha achwa. Wala si wageni tu waliomrekebisha. Ibn an-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 wa Hijra, sawa na 1288, aliisherehesha sehemu ya viungo katika Qanun, na humo akasema wazi kuwa damu haipenyi katika ukuta wa kati wa moyo kama walivyodai Jalinus na Ibn Sina, bali hupita mapafuni. Watu waliisahau sherehe hiyo mpaka mwaka 1924, alipoizindua tena tabibu wa Kimisri, Muhyi ad-Din at-Tatawi. Basi huyo ndiye mwanafunzi wa kweli: alimheshimu mwalimu kwa kukisoma kitabu chake, na akaiheshimu haki kwa kulikataa kosa lake. Taklidi ya upofu ni maradhi, ikiwa ni katika dini au katika tiba.

Wala hatukusudii kumfanya Ibn Sina walii. Ameeleza mwenyewe kuwa katika usiku wa kusoma alikuwa akinywa ulevi ili apate nguvu, na katika hilo hana wa kumfuata. Imamu al-Ghazali naye alimrudi vikali katika masuala ya falsafa, na katika matatu miongoni mwake akahukumu kuwa ni kufuru, likiwemo la kufufuliwa miili. Lakini ni Imamu al-Ghazali huyo huyo aliyesema kuwa si sharti ya dini kuikataa elimu ya utabibu. Wamesimulia kuwa Ibn Sina alipokata tamaa ya kupona alitubia, akawaacha huru watumwa wake, akatoa sadaka, na akawa akihitimu Qur'ani kila siku tatu. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Sisi tuna elimu yake.

Basi ndugu zetu, natuirudie mitaa yetu kwa jicho hilo. Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Dalili zake ni uso kwenda upande, mkono kulegea na ulimi kuwa mzito, nazo huja ghafla. Ikiwa ni wa kuziba, iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida yatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Mganga akikesha na mgonjwa, saa hizo zimekwisha. Dege la mtoto mara nyingi ni homa kali, na kwetu pwani huenda ikawa ni malaria iliyofika kichwani, nayo huua kwa haraka. Kifafa ni umeme wa ubongo uliochafuka, na wengi wenye maradhi hayo hutulia kwa vidonge vya kila siku. Na pepopunda, ambayo jina lenyewe limebeba neno pepo, ni sumu ya kijidudu kiingiacho kwa jeraha au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa chombo kichafu. Sumu hiyo hupanda kwa njia ya mishipa mpaka uti wa mgongo, ikaizima ile amri inayoiambia misuli ilegee. Chanjo yake ipo, na mama mjamzito akichanjwa humkinga na mwanawe.

Hatusemi kuwa mgonjwa asisomewe Qur'ani, wala asiombewe dua. Hayo ni katika dini yetu, na Mponyaji ni Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitaka Waislamu wasibaki nyuma katika elimu yenye manufaa. Basi asomewe huku yuko njiani kwenda hospitali. Dua haihitaji kungojewa, na kivuko hakimzuii mtu kusoma.

Mwenye kudai kuwa Ibn Sina ni wetu, na amfuate katika lililo bora kwake: kuitafuta sababu ya karibu, na kuishughulikia kabla wakati haujapita. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe elimu yenye kunufaisha. Wabillahi t-tawfiq.